Maji Yaliyokataa Kuzama

Kama wiki iliyopita hukulipata gazeti, basi nikukaribishe moja kwa moja katikati ya matope. Mimi ni Gedion, mzaliwa wa Mutomo kule Kitui, mkazi wa Makindu, fundi wa kutandika mabwawa karatasi. Si karatasi ya kuandikia. Ni ile plastiki nzito nyeusi, dam liner, ambayo hutandazwa ndani ya shimo na kuunganishwa kwa joto ili maji yasinywewe na mchanga.

Mwezi wa Agosti niliwatandikia bwawa watu wa kwa wakwe zangu, ndani kidogo kutoka Kiboko. Mvua ya Novemba ikaja, bwawa likajaa, wakaimba na kuomba na kupiga picha. Kabla furaha haijatulia maji yote yalikuwa yamepotea.

Tuliachana pale shemeji yangu Mulei, mwenyekiti wa kikundi chenye bwawa hilo, aliposimama mbele ya umati akasema kwamba fundi amewatandikia hewa. Leo nakusimulia yaliyofuata. Kama uko mezani, malizia chakula kwanza.

Bwawa likikauka hutapika kila kitu lilichokuwa limemeza. Vyura waliofura matumbo. Nepi ya mtoto wa mtu. Mavi ya mbuzi yaliyolainika yakawa uji. Kikundi kizima kilisimama ukingoni kimejiziba pua, na mimi peke yangu nikateremka, kwa sababu nilitaka kuona mahali panapovuja kwa macho yangu. Kuteremka bwawa la karatasi ni kuteleza tu. Nilifika chini kwa makalio na hakuna aliyecheka. Hilo liliniuma zaidi ya kicheko.

Nyuma yangu nilisikia mtu akinong'ona, "Mtu wa Kitui." Huku Makueni jambo likiharibika na wewe ni mtu wa Kitui, hawatafuti sababu nyingine. Wanaanza kukukagua mifuko.

Chini kabisa tulikuwa tumeweka tabaka la udongo juu ya karatasi, kuikinga na jua na kwato za ng'ombe. Nikauparura udongo ule kwa mikono. Nilifuata maungio yangu yote, moja baada ya jingine, nikiyavuta kwa nguvu. Yalikuwa mazima. Nilianza hata kujisikia vizuri, na tope likiwa limenifika mapajani, mpaka mkono wangu ukazama mahali ambapo haukupaswa kuzama.

Hapakuwa na tundu pale. Palikuwa na pengo la ukubwa wa chumba. Kipande kizima cha karatasi kilikuwa kimekatwa kwa kisu, pande zote nne zimenyooka, kisha udongo ukarudishwa juu na kusawazishwa vizuri. Maji yote ya kijiji yalikuwa yamepitia hapo kwenda kuzimu.

Nikapaza sauti kuwaambia kwamba maungio hayana shida, kwamba karatasi imekatwa. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeokoka. Ujinga wangu huo.

Kanini, makamu wa mwenyekiti, ni mama asiyepandisha sauti. Aliuliza tu: "Hapa ni nani ako na kisu ya kukata hiyo kitu?"

Watu wote wakautazama mkoba wangu wa kazi. Kisu changu kilikuwa kimechungulia nje, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimekitoa asubuhi. Akauliza tena ni nani anayejua watu wa kununua karatasi ya aina hiyo kule Makindu, na hapo hawakuhitaji hata kunitazama.

Hapo ndipo Mulei alipojitokeza kunitetea. Alisema mimi ni mkwe, nisiguswe hata kwa ukucha. Nirudishe tu kile kipande, kichomelewe mahali pake, maneno yaishe. Watu wakamsifu kwa busara yake. Nami nikamshukuru. Nilimpa mkono uliojaa mavi ya mbuzi, naye akaushika bila kukunja uso. Nikakumbuka baadaye jinsi alivyoushika, nikajua kwa nini hakujali.

Kanini hakuridhika. Alisema kipande kisiporudi kufikia Jumamosi, nyumba nzima ya baba mkwe wangu, Mzee Kivuva, itatolewa kwenye mwethya. Kwa asiyejua, mwethya ndio mikono ya kijiji. Leo wanakulimia matuta, kesho wanakujengea, na ukifiwa ndio wanaochimba kaburi. Ukitolewa humo, utajichimbia mwenyewe.

Sikuogopa hata hilo kama nilivyoogopa kilichofuata. Mke wangu Ndunge alipita katikati ya watu akaja hadi ukingoni. Alikuwa amebaki kwa baba yake tangu tulipomzika mama yake mwezi wa Oktoba, na nilikuwa nahesabu kwamba ataniambia tu pole.

"Baba Kathini, leta hiyo kipande," akasema. "Bila hiyo, mimi Makindu sirudi."

Alisema mbele ya watu wote, na mimi nikiwa shimoni. Kisha akageuka akaenda zake.

Basi nikaanza kutafuta. Nilizunguka maduka ya vifaa Makindu, nikaenda hadi mji wa Wote, nikiuliza kama kuna mtu aliyeleta karatasi iliyokatwa. Wengine walinicheka. Mmoja aliniuliza kama nimeanza kununua mali ya wizi, akanitajia bei.

Nikasikia kwamba Ng'ang'a, mfugaji wa nguruwe, ana shimo la mavi alilolitandika karatasi nyeusi, mavi yale yakitoa gesi ya kupikia. Nilimwendea. Alikuwa muungwana sana. Alisema shimo liko wazi, kama nataka kuona nambari ya kiwanda iliyopigwa kwenye karatasi niingie nikaitazame, yeye na mimi hatuna siri.

Niliingia. Sitakueleza zaidi ya hapo. Nilipangusa ukuta wa shimo kwa kiganja mpaka herufi zikaonekana, na karatasi ilikuwa nyepesi, ya miaka mingi, haina uhusiano wowote na yangu. Nilirudi mjini nyuma ya pikapu ya mchanga kwa sababu dereva alikataa nikae mbele. Usiku huo hata mto wangu ulininukia nguruwe, na upande wa Ndunge wa kitanda ulikuwa mtupu, nikajisemea kwamba afadhali hayupo kunisikia nikinuka. Halafu nikalia.

Siku ya tatu Mzee Kivuva akanipigia simu. Nije Jumamosi, nile, tuongee. Nilijua nimeitwa kufukuzwa. Nikavaa shati safi.

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Nilipoingia tu langoni nikapokewa na harufu. Nilidhani ni mimi, kwamba nguruwe wa Ng'ang'a bado wamenigandia, nikajinusa kwapa na mikono. Haikuwa mimi. Ilikuwa harufu nzito, ya utamu fulani wa kuchefua, ile inayokaa kwenye ulimi badala ya pua. Watoto wa jirani walisema mbwa amefia kichakani.

Ndunge alileta kuku. Kwetu mkwe huchinjiwa kuku, hata mkwe anayesemekana ni mwizi. Aliweka sahani bila kunitazama, akarudi jikoni. Mzee hakula. Mimi nikala, kwa sababu mkwe akiacha kuku wa kwa wakwe ni matusi. Nyama ile ilikuwa na ladha ya matope lakini nilimaliza paja, kifua na shingo.

Nilipomaliza kulamba vidole, Mzee akasogeza kiti. Nilijiandaa kwa maneno mabaya. Kumbe hakuniitia habari za bwawa hata kidogo.

"Mwanangu," akasema, "wewe ni fundi ya maji. Hapa kwangu mchanga inakunywa maji hata kabla mvua iishe. Nimeishi hapa nikaona hivyo miaka yote. Sasa kwa nini pale kwa mama yako maji imekataa kuzama?"

Alisema pale kwa mama yangu, akimaanisha kaburi la mke wake, mama mkwe wangu Ndila. Alisema pasta amekuja kuomba, na wamejaribu kuyachota kwa ndoo, na mvua ikinyesha yanajaa tena. Alisema analala akifikiri mkewe ana baridi. Akaniomba nitoke nikaangalie kwa mbali.

Alisema kwa mbali kwa sababu ya nthoni, ile heshima yetu ya mkwe. Mume hamkaribii mama wa mkewe. Hali naye chungu kimoja, haingii chumba chake, haoni kitanda chake. Na kama kitanda cha mama mkwe akiwa hai ni mwiko, basi hesabu mwenyewe kile alicholalia sasa. Siku ya maziko nilisimama kule nyuma kabisa na watu wa tarumbeta, sikuona hata jeneza likishushwa.

Nikatoka, nikasimama karibu na choo, mbali inavyostahili.

Kaburi lilikuwa limedidimia. Ndani yake maji yalisimama ukingo kwa ukingo, rangi ya chai, na juu yake utando wa mafuta unaong'aa. Mapovu yalikuwa yakipanda polepole kutoka chini, yanapasuka, na kila povu likipasuka ile harufu inaongezeka. Na kando yake, kwa mpangilio mzuri kabisa, wameinamisha vichwa, kuku wa Mzee Kivuva walikuwa wakinywa.

Sikuwahi kufika nyuma ya choo. Paja, kifua na shingo vyote vilirudi nilipokuwa nimesimama.

Nilipoinua kichwa, macho yangu bado yanatoka machozi, ndipo nikaona. Kwenye kona moja udongo ulikuwa umeporomoka, na pale juu palikuwa pamejitokeza ncha nyeusi, nene, iliyokatwa kwa kisu kikali. Kitambaa cheupe cha lesi kilikuwa kimeng'ang'ania juu yake. Mchanga hauwezi kukataa maji wenyewe. Mtu alikuwa ameutandika.

Karatasi yangu ilikuwa kaburini, na mama mkwe wangu alikuwa ndani yake, akiogeshwa.

Mulei alinikuta pale nikijifuta mdomo. Alitazama ninakotazama, akachuchumaa, akashika kichwa. Hakujaribu hata kukana.

Alinieleza haraka haraka, akitazama nyuma kila mara asisikike na baba yake. Reli mpya ilipopita, makaburi kadhaa ya ukoo wao yalihamishwa, na mojawapo lilikuwa la kaka yao mkubwa. Mama Ndila alisimama pale wakati wanafukua. Mchwa walikuwa wamekula sanduku, nguo, kila kitu. Alikabidhiwa vifungo vya shati na mkanda. Tangu siku hiyo mama alikuwa na ombi moja tu kwa wanawe, kwamba asiliwe na mchwa.

"Nilimuahidi," Mulei akasema. "Akiwa kwa kitanda, akinishika mkono. Na dam ilikuwa hapo, kavu, mvua haijakuja. Nikasema nitakata ile ya chini, nifunike, halafu nitakutafuta wewe uzibe polepole. Mchwa haiwezi kula hiyo kitu, shemeji, si uliniambia mwenyewe?"

Kweli nilimwambia. Nilikuwa nikijisifia kazi.

Nikamwambia plastiki hiyo haizuii mchwa tu. Inazuia maji kutoka, na ndiyo kazi yake pekee duniani. Alikuwa amemjengea mama yake bwawa na kumlaza ndani. Mulei akafunga macho, akasema ameshajua, ameyajua tangu mvua ya kwanza, na kwamba usingizi umemhama.

Sitaki kudanganya, kwa muda mfupi nilimwonea huruma. Kisha nikakumbuka alivyosimama ukingoni akinitetea.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza. "Mbona uliacha waniite mwizi?"

"Nikisema, watataka karatasi yao. Watamfukua mama." Akapumua. "Na wewe ulikuwa hapo."

Nilikuwa hapo. Yaani kwa sababu nilikuwa karibu na ninatoka Kitui. Nilimtazama shemeji yangu, mwenyekiti, shemasi wa kanisa, nikapangusa kwenye suruali mkono ule alioushika bila kukunja uso.

Nilimwacha pale nikaenda jikoni. Niseme ukweli, kando ya uchafu wote ule nilikuwa na furaha. Mke wangu alitaka kipande, na kipande nimekiona. Ndunge alikuwa akisugua sufuria kwa jivu. Nikamwambia nimekipata, na nilipokuwa nikitafuta maneno ya upole ya kumwambia kiko wapi, akanikata.

"Najua iko wapi," akasema. Hakuacha kusugua. "Ile lesi nyeupe juu yake nilishona mimi."

Nilikaa juu ya debe la maji. Niliwaza zile siku zote. Nilimwona tena akipita katikati ya watu, akisimama pale juu, akidai mbele ya kijiji nilete kitu ambacho alijua kiko wapi, na alijua kwamba mkwe hawezi kwenda kukichukua hata akipewa jembe. Nikamuuliza kwa nini.

"Wakikuacha wewe, wangeanza kumuangalia Mulei. Nikisema mimi bibi yako, wataamini ni wewe."

"Na mimi?"

"Wewe ni mtu ya mbali, Baba Kathini. Watasema, watachoka, utaenda Makindu ufanye kazi yako. Sisi tutabaki hapa na mama."

Hakuwa na ukali. Alisema kama mtu anayepanga nani abebe mzigo gani. Nadhani hilo ndilo lililonichukiza kuliko shimo la Ng'ang'a. Nilichukizwa naye, na nilichukizwa na moyo wangu ambao hata wakati ule ulikuwa unamtazama shingo na kumtaka arudi nyumbani.

Akaosha mikono. Akanigeukia mara ya kwanza siku hiyo, macho mekundu.

"Wanakuja leo kusikia jibu lako. Ukisema ni wewe ulikata, ukaomba msamaha, watasamehe, wewe ni mkwe. Mama atabaki amelala. Na mimi nitabeba nguo zangu, tutatoka pamoja leo leo."

Nikamuuliza kama mama yake ataendelea kulala ndani ya maji yale, na baba yake akikosa usingizi kwa kuwaza baridi yake. Akasema mvua itaisha. Mambo mengine, akasema, ni ya Mungu. Nilimtazama nikaona kwamba anajua vizuri sana kwamba si ya Mungu.

Walifika wakati tukiwa bado tumesimama hivyo. Kanini alitangulia, nyuma yake akina mama wa kikundi na wanaume wachache, wote wamefunika pua, wakiulizana mbwa huyo amefia wapi. Mzee Kivuva aliwaletea viti. Mulei akasimama kando ya mlango, uso wake umekauka. Ndunge aliingia ndani, akatoka na mkoba wake, ule wa safari, akasimama nao nyuma yangu ambapo ningeweza kuuona nikigeuza shingo kidogo.

Kanini aliniuliza kama nina neno.

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa na ukweli mzima, hatua chache tu kutoka tulipokaa, ukitoa mapovu. Ningenyoosha kidole tu. Mzee Kivuva alikuwa ananitazama kwa matumaini, akidhani nikimaliza hili dogo nitamjibu lile swali lake.

Nikageuza shingo, nikauona mkoba.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikata mimi. Mnisamehe."

Mdomo wangu ulikuwa mchungu kana kwamba nimekula nyongo. Mulei alishusha pumzi. Mzee Kivuva aliinamisha kichwa, akakitikisa polepole, na nikajua kwamba hataniita tena mwanangu.

Uso wa Kanini ukalainika. Alisema si kila mtu anaweza kusema hivyo mbele ya wakwe zake, na kwamba kikundi kimenisamehe, nyumba ya Mzee itabaki kwenye mwethya. Akina mama wakaitikia. Mmoja hata alinigusa bega.

"Sasa twende," Kanini akasema, akiinuka. "Tumekuja na mkokoteni na watu ya kubeba. Tuonyeshe ile mahali uliiweka, tuichukue leo leo, kesho uanze kuchomelea."

Nyuma yangu nilisikia Ndunge akiuweka mkoba wake chini.